Machela, Mama Mkwe na Chumba Chenye Dirisha

Jumatatu, 4 Agosti

Habari njema na habari mbaya, zote kabla ya chai ya saa nne.

Njema kwanza. Mhasibu amestaafu na chumba chake cha ghorofani kiko wazi. Chumba chenye dirisha! Vioo viwili, pazia, linatazama bustani. Kiti kinachozunguka kimebaki humo humo. Nimerudishia mlango nikakikalia kidogo. Kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia, lakini kinazunguka.

Mimi ni mkuu wa masijala, chumba cha mafaili ya wagonjwa. Kiko chini kabisa, kati ya dobi na mochari. Upande huu mashine zinanguruma, upande ule kimya kinatisha. Dirisha hakuna. Taa ni moja, nayo inapepesa kama jicho la mtu anayetania. Miaka nenda rudi nimo humo kama kiazi kilichosahaulika stoo.

Sasa mbaya. Mama mkwe amepiga simu. Jumatatu ijayo ana kliniki ya macho hapa hospitalini kwetu. Wakishamtia dawa machoni, anataka apumzike ofisini kwangu mpaka binti yake amfuate. Ofisi ipi, nikauliza. Akasema si ile yenye dirisha.

Ni kweli, siku za posa niliwahi kumgusia kwamba nina ofisi ghorofani. Nilimgusia tu! Basi, kila akija kututembelea anauliza dirisha halijambo, na mimi siwezi kumjibu mzazi mkavu mkavu. Mwaka juzi nikaliwekea pazia. Mwaka jana nikaongeza ndege wanaotua asubuhi. Mara ya mwisho nilimwambia ndege mmoja ananifahamu.

Nimemweleza mke wangu hatari iliyopo. Akaendelea kumenya vitunguu. Akasema dirisha ni langu, ndege ni wangu, na mama ni wake, kwa hiyo yeye yuko upande wa mama.

Lazima nikipate kile chumba kabla ya Jumatatu. La sivyo nimeumbuka mbele ya ukoo mzima.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Matroni ametuita wote kantini.

Amechachamaa. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuja na kikohozi. Maabara wakasema siyo kwao, nenda eksirei. Eksirei wakasema siyo kwao, nenda famasi. Famasi wakamrudisha maabara. Mzee wa watu akazunguka mpaka akaishia jikoni, akapewa aproni, akaosha masufuria mpaka jioni akidhani ndiyo matibabu. Mbaya zaidi, kikohozi kimepona na anataka kujua lini arudi kwa dozi ya pili.

Kwa hiyo Matroni ameamua tufundishwe kushirikiana. Ameleta kijana wa michezo mwenye suruali ya mistari na filimbi shingoni. Nimempa jina papo hapo: Filimbi. Wiki nzima ni michezo, na Jumamosi kutakuwa na mbio za machela uwanjani. Tena sikia hili: mkuu wa idara ambaye timu yake itashinda ndiye atakayepewa chumba cha mhasibu.

Nikageuka. Mfamasia naye kageuka. Macho yetu yakagongana.

Huyu mfamasia wote tunamwita Bwana Dozi, maana jambo lolote atakueleza mara tatu kwa siku. Yeye dirisha analo tayari, lile la kutolea dawa! Dirisha la pili la nini? Ameniambia kwa upole kuwa famasi kuna joto, vidonge vinayeyuka. Nikamwambia pole, huku moyoni nikila yamini.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kukaa duara na kila mtu kumsifu mwenzake wa idara nyingine. Mimi nilishajiandaa. Nilitunga sifa za Matroni usiku kucha, yaani kuanzia wakati alipotangaza mpaka zamu yangu ilipofika. Filimbi akapuliza, akanielekeza kwa mhudumu wa mochari.

Nikamtazama mhudumu wa mochari. Mtu mpole, mrefu, haongei. Sifa za Matroni hazikumfaa hata moja. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba huyu bwana tangu aanze kazi hajawahi kulalamikiwa na mgonjwa hata mmoja.

Kisha mpishi akaangua kicheko na wengine wakamfuata. Mhudumu mwenyewe alinishika mkono akanishukuru kwa dhati. Akasema hakuna aliyewahi kuliona hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Leo tulibadilishana kazi. Kila mkuu wa idara asubuhi nzima anafanya kazi ya mwenzake, ili aonje adha yake.

Nilinong'onezwa jana kwamba Bwana Dozi ataletwa masijala. Basi nikawahi kazini kabla hata ya wafagizi. Rafu zangu zina vibao vya herufi. Nikavibandua vyote nikavipachika ovyo. Pa A nikaweka S, pa S nikaweka K, pa K sikumbuki nilipaweka nini. Mpango safi. Atahangaika, ataumbuka, Matroni atamwona hafai hata kupewa kabati.

Mimi mwenyewe nikapelekwa dobi kukunja shuka. Mama wa dobi akanitazama kidogo, akasema nakunja shuka kama mtu anayekaba koo. Nikamwambia nina mawazo. Akasema basi niwazie kwenye foronya, shuka amwachie.

Mara nikasikia chafya ukutani, upande wa masijala. Chafya nene, ya cheo. Nikajua mara moja si ya Bwana Dozi.

Ilikuwa ya Matroni! Filimbi alibadilisha dakika za mwisho. Bwana Dozi alipelekwa jikoni, na huko, nasikia, amebandika kwenye kopo la chumvi karatasi ya kijiko kimoja kutwa mara tatu baada ya chakula. Wapishi wamempenda. Matroni ndiye aliyekuwa masijala, juu ya kigoda, kwenye vumbi, akitafuta faili la bibi mmoja wa kisukari. Foleni ilishatoka nje ikazunguka tangi la maji.

Akaniita. Nikaingia kwa kujiamini. Nikaenda rafu ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Nimevuruga mwenyewe na mwenyewe sijui nilivyovuruga! Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Matroni akauliza kulikoni. Nikasema ni panya. Panya wamehamisha vibao.

Akauliza panya wanajua kusoma? Nikamwambia wa hospitali si sawa na wa mitaani, hawa wamekaa na wasomi.

Alinikata jicho moja refu, akapangusa vumbi puani, akatoka. Faili la bibi tulilipata mchana, kwenye rafu ambayo sasa inasema W. Jioni nimerudisha vibao vyote mahali pake. Karibu vyote.

Alhamisi, 7 Agosti

Timu zimepangwa kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia ya Filimbi. Kila timu ina wabebaji wanne, mmoja kila kona ya machela, na mtu mmoja wa kujifanya mgonjwa. Inanyanyuliwa kwa pamoja, inazungushwa tangi la maji, inarudishwa. Anayefika kwanza na mgonjwa bado yumo, kashinda.

Bwana Dozi kapata vijana watupu wa maabara. Wepesi kama pamba.

Mimi nimepata mseto. Wa kwanza ni Bonge, msaidizi wa chumba cha upasuaji, mkono wake mmoja ni sawa na paja langu. Wa pili ni sista wa wodi ya wazazi. Wa tatu mpishi, yule aliyenicheka. Wa nne, nani tena, mhudumu wa mochari. Tangu Jumanne ananisalimia kwa kuweka mkono kifuani.

Nikawaambia kapteni ndiye atakayekuwa mgonjwa. Mpishi akasema kawaida huwekwa mwepesi. Nikamweleza kuwa kapteni akilala juu anaona kote, anatoa amri, na Matroni anamwona uso. Hasa hilo la mwisho. Hawakubisha tena.

Sista akauliza swali. Akasema tutahesabu moja, mbili, tatu, sawa, lakini tunanyanyua kwenye tatu au baada ya tatu? Maana wodini kwake wanahesabu mpaka tatu, kisha mmoja anasema haya, ndipo wanainua. Bonge akashangaa. Akasema upasuaji neno tatu likitamkwa tu mgonjwa ashapaa. Mpishi akasema jikoni sufuria la uji halina hesabu ndefu, ukisikia moja unabeba. Mhudumu wa mochari akafikiri sana. Akasema kwake huwa hawahesabu. Wanasubiri tu mpaka kila mtu ametulia.

Wakaanza kujadiliana. Tena kwa furaha, kila mtu anaonyesha kwa mikono. Filimbi akapita akasema huu ndio ushirikiano wenyewe, tufanye mazoezi kidogo.

Mazoezi! Wakati Bwana Dozi yuko nyuma ya stoo anafundisha vijana wake siri zake! Nikawakatisha.

"Acheni maswali ya kitoto," nikasema. "Tatu ni tatu."

Nikaondoka kwenda kumpeleleza Bwana Dozi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempeleleza siku mbili sasa, nikiwa nyuma ya mapipa ya taka. Hana siri yoyote. Anawaambia vijana wake jambo lile lile: sikilizeni mwenzenu, inueni pamoja, tembeeni pamoja. Mara tatu asubuhi, mara tatu jioni. Mtu wa kuchosha. Nikapigwa na harufu ya mapipa mpaka mke wangu kanilaza varanda.

Mama mkwe kapiga simu tena. Anauliza yule ndege aletewe mchele au mtama. Nikasema mtama.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa wodi ya wanaume. Nitaeleza kwa utulivu.

Uwanja ulijaa. Wafanyakazi wa zamu walikuja kuchungulia, wagonjwa wenye magongo wakapewa benchi la mbele. Matroni alikaa chini ya mwavuli. Nikalala kwenye machela. Bonge akataka kunifunga mikanda. Nikamkataza, nitapungaje mkono nikiwa nimefungwa?

Filimbi akapuliza. Nikahesabu mwenyewe, kwa sauti ya kiongozi.

Kwenye moja, kona ya mpishi ikapanda. Mguu wangu wa kushoto ukaelekea mbinguni. Nikasema mbili kwa mshangao. Kwenye tatu Bonge akainua kona yake, na Bonge akiinua kitu kinainuka. Sasa upande mmoja wote uko juu, upande wa sista na mhudumu wa mochari uko chini. Sista alikuwa anasubiri neno haya. Mhudumu wa mochari alikuwa anasubiri nitulie.

Sikutulia. Niliteleza kama mchuzi kwenye sahani iliyoinamishwa. Nilimpungia Matroni mkono nikiwa hewani, hilo nalikumbuka vizuri, kisha nikasikia kifundo cha mguu kikisema ta.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Nililia kwa sauti mpaka wenye magongo wakasimama.

Sasa kilichofuata ndicho kinachonikera. Sista akapiga magoti, akaniambia nisitikisike, akawageukia wenzake akasema, "Tunainua nikisema haya." Sentensi moja tu! Mpishi, Bonge na yule mrefu wakaitikia kwa kichwa. Wakaniinua kama yai. Wote wanne pamoja, hata machela haikukwaruza chini. Mbona hawakufanya hivyo mwanzo? Watu wengine wanapenda kuonekana tu mbele ya wakubwa.

Bwana Dozi akasimamisha timu yake katikati ya mbio. Wao ndio walikuwa mbele! Wakaweka machela yao chini, wakakimbilia yangu. Vijana wa maabara walifungua njia. Eksirei, watu ambao mlango wao unagongwa mpaka unaota sugu, walikuwa wameufungua wakisubiri. Picha ikatoka. Ufa, mdogo. Daktari wa mifupa akaja na taulo la kunawia bado liko mkononi. Bwana Dozi kaniletea dawa ya maumivu mwenyewe, mbio mbio, na akanieleza namna ya kuinywa mara moja tu. Nadhani alikuwa ameshtuka.

Kitu kimoja tu kilikwama, faili langu. Daktari alitaka kujua dawa zinazonidhuru. Wakashuka masijala, wakaenda kwenye herufi yangu, wakakuta mafaili ya watoto wachanga. Ikabidi wanifungulie jipya. Limeandikwa mwanaume, umri wa makamo, kumbukumbu hazikupatikana. Umri wa makamo!

Plasta niliyofungwa mguuni ilikuwa imekauka kabla chai ya Matroni haijapoa. Matroni kasimama kitandani kwangu, machozi yanamlenga. Nikadhani ananihurumia. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona hospitali hii ikifanya kazi hivyo. Akanishukuru kwa kuvunjika.

Nikauliza kuhusu chumba. Akasema mbio hazina mshindi, chumba atakifikiria.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimefungua macho, jua limenipiga usoni. Jua! Nimegeuza kichwa.

Kitanda changu kiko dirishani.

Vioo viwili. Pazia. Bustani ile ile, maana wodi iko ghorofa ile ile ya chumba cha mhasibu. Na kwenye ukingo wa dirisha, naapa, ametua ndege.

Mama mkwe kesho atakuwa ametiwa dawa machoni. Dawa ile humfanya mtu aone ukungu mtupu. Ataona mwanga, ataona pazia, atasikia ndege. Kitanda kikitandikwa vizuri kina tofauti gani na meza?

Nikaita mkutano wa wodi. Kitanda cha pili yuko dereva wa lori, kavunjika mkono. Cha tatu fundi seremala, anaumwa ngiri. Cha nne mzee wa kikohozi! Kikohozi kimemrudia na amelazwa, safari hii kihalali. Nikawaeleza kwamba kesho kwa muda mfupi wao ni wafanyakazi wangu. Dereva akauliza idara gani. Nikamwambia utawala. Seremala akasema anaweza kugongagonga kitu ili pasikike pana kazi. Mzee akauliza kama kutakuwa na masufuria.

Mke wangu alipokuja kuniona nikamwomba kesho aniletee koti la suti na tai. Nikasema usiku wodini pana baridi. Akauliza tai inazuiaje baridi. Nikasema shingoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikuwa tayari mapema. Koti juu, tai, nywele nimezilaza kwa maji. Chini gauni la wodi na plasta, nimefunika kwa shuka iliyovutwa vizuri mpaka kifuani. Juu ya shuka kikombe cha kalamu. Mhudumu wa mochari kapita kunijulia hali, akaniona nimekaa wima na tai, akashtuka kidogo. Ni kweli watu wengi anaowaona na tai huwa wamelala.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe kaingia akipapasa, kanga kichwani, mkoba kwapani. Na nani kamshika mkono? Bwana Dozi! Alimkuta koridoni akiniulizia, eti akaona amsaidie. Nikamkonyeza kwa nguvu zote. Bwana Dozi akatazama tai, akatazama kikombe cha kalamu, akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nikamwamkia mama. Nikamwambia karibu ofisini, asamehe siwezi kusimama, nimebanwa na kazi. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti, akageuzia uso dirishani.

Akasema dirisha zuri. Nikasema kawaida tu, mama. Akauliza pazia, nikamshikisha pazia. Ndege akalia nje! Sikumpanga, naapa. Mama akatoa mtama kwenye mkoba akamwaga ukingoni. Seremala akaanza kugonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Dereva akasema kwa sauti nzito kwamba bosi, zile barua zimeshakwenda. Mzee akakohoa kiutawala. Mambo yalikuwa mazuri mno, nikaanza kuongeza. Nikasema wodi zote, yaani ofisi zote hizi, ziko chini yangu.

Mama akageuka akatazama vitanda, kimoja kimoja, taratibu.

"Na hawa wafanyakazi wako, baba, mbona wote wamelala?"

Nikasema ni saa ya mapumziko. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akafunua ncha ya shuka, akagonga plasta yangu kwa kidole, ko ko. Akauliza inauma?

Nikasema ipi, mama?

Hapo alicheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, akajipangusa machozi na dawa ya macho pamoja. Akanieleza. Mwaka juzi jirani yake alilazwa hapa, yeye akaja kumtazama. Akashuka ngazi kutafuta choo, akaukuta mlango wangu uko wazi. Akaniona juu ya kigoda, chini ya ile taa ya kupepesa, nimekumbatia mafaili naimba na kucheza mabega. Akapanda ngazi polepole nisimsikie.

Nikamuuliza kwa nini basi kila akija anauliza dirisha.

"Nilitaka kuona safari hii utaongeza nini," akasema. "Ndege aliponifikia, nilicheka wiki nzima. Mwanangu, ningekuwa nataka mkwe mwenye dirisha, binti yangu ningemwozesha fundi wa madirisha. Nilitaka mtu anayeimba kazini."

Machozi yalinitoka, nikajifuta kwa tai. Nikasema ni dawa ya maumivu. Bwana Dozi, mshenzi yule, akasema dawa ile haina madhara hayo. Akalisema mara tatu.

Mke wangu alipokuja kumchukua mama, kumbe naye alikuwa anajua yote, siku zote! Wakaondoka wameshikana mikono, nikawasikia wakicheka mpaka ngazini. Kilichobaki mkobani, mama kaniachia. Mtama.

Nimelala natazama bustani. Nimejisikia mwepesi ajabu. Nimeapa. Sitaki tena dirisha, sitaki cheo, sitaki hila. Plasta ikitoka narudi masijala kwangu, naimba, basi.

Jumanne, 12 Agosti

Matroni kapita asubuhi na uamuzi wake. Kwa sababu ya yaliyotokea Jumamosi, chumba cha mhasibu hapewi mtu. Kitakuwa chumba cha chai cha wafanyakazi wote, wa maabara, wa jikoni, wa mochari, wote wakae pamoja wazoeane. Wodi nzima ikapiga makofi. Na mimi nikapiga. Safi kabisa. Haki bin haki.

Akamalizia kwamba watamchagua mwenyekiti wa chumba cha chai, uchaguzi ni leo mchana, na mwenyekiti ndiye atakayekaa kwenye kiti kinachozunguka.

Kile kiti kiko dirishani.

Sitaki makuu. Nafikiria tu maslahi ya wengi. Na nimesikia Bwana Dozi anagombea! Chai yetu itakuwa inanywewa mara tatu kwa siku kwa maelekezo. Haiwezekani. Nimemtumia shemeji yangu ujumbe kwamba nimeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Ghorofa, awaarifu ukoo, ila asimwambie mama kwanza. Dereva wa lori nimemwahidi unaibu. Mzee wa kikohozi atashughulikia vikombe.

Tatizo ni moja, sina mguu wa kunifikisha kwenye uchaguzi. Nimewaita watu wangu wanne. Wamekuja wote, Mungu awabariki, na machela. Nimevaa tai. Mikanda nimekataa, nitawapungiaje wapiga kura? Sista anataka tupatane kwanza neno la kuinulia. Bonge naye anauliza, mpishi naye anauliza, hata yule mrefu kafungua mdomo, kwenye tatu au baada ya tatu.

Nimewaambia tunachelewa, wainue. Tatu ni tatu.